Kichwa Kisicho na Namba

Mama yangu hamwiti mtu kwa jina. Ukikutana naye leo, kesho wewe ni namba. Ameshona kofia miaka arobaini na sita, za wanafunzi, za walinzi, za waoka mikate, na jicho lake limegeuka utepe wa kupimia. Mtu anapita ng'ambo ya barabara, mama anasema bila hata kuondoa mguu kwenye cherehani, "Hamsini na saba, na masikio yamekaa chini." Mwenye duka la vitambaa ni Sitini. Kaka yangu ni Hamsini na Tisa. Mimi ni Hamsini na Tano na Nusu, na hiyo nusu anaitamka makusudi kwa sababu anajua inanikera.

Kaka alipomleta mkewe nyumbani, mama alimkagua kuanzia utosini, akasema, "Karibu, Hamsini na Tatu." Kisha akanigeukia mimi. "Kichwa kidogo. Sijui humo kuna nafasi ya nini." Yule binti akacheka akidhani anataniwa. Ilimchukua miezi kujua kwamba kwa mama utani na ubaya vinatoka kwenye mfuko mmoja.

Mimi nilimchukia tangu wiki ya kwanza, na sababu zenyewe ni za kawaida tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mimi arobaini kasoro miwili. Hakuwa na baba wala mama, alilelewa na mama yake mdogo, akaja kwetu na begi moja la kahawia lenye kufuli bovu. Lakini alipoketi kwenye cherehani mshono wake ulinyooka kuliko wangu, na wateja wakaanza kusema, "Anishonee yule." Halafu mwaka haujaisha akapata mimba. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka sita, nikarudi nyumbani na masufuria yangu, bila mtoto, na mama akanipokea kwa maneno mawili: "Kaa ukate." Basi nikakaa nikakata. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na rafu ya vichwa vya mti kuanzia arobaini hadi sitini na nne, kila kimoja kimechorwa namba yake kisogoni.

Alizaliwa mtoto wa kiume, mzito, mpole, mwenye macho ya mtu anayesikiliza habari. Naye ndiye niliyemtaka. Nasema mapema ili tusizungushane: nilimtaka yule mtoto awe wangu, na kila nilichofanya baadaye kilitoka hapo.

Alipotimiza miezi miwili shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kofia mia nne zilitakiwa, kaka yuko safarini na lori lake kama kawaida, na mama akamrudisha mkwewe kwenye cherehani. Mtoto akakabidhiwa shangazi yake. Nikachukua sanduku la mbao ambalo vile vichwa vya mti vilikuja nalo zamani, nikalisugua, nikatandika blanketi, nikaliweka mwisho wa meza ya kukatia. Kigoda changu kiko kati ya meza na dirisha, maana mkataji bila mwanga ni mharibifu. Nilimlaza mtoto kichwa kikiwa upande wa ukutani, kwa hiyo mimi na dirisha tulikuwa kuliani kwake. Kushotoni kwake, hatua tatu tu, alikaa mama yake.

Siku ya tatu nikagundua kwamba mama yake akiimba, mtoto anageuka kumtafuta. Nikapigilia misumari miwili, nikatundika kitambaa cha kaki kati ya sanduku na cherehani.

"Vumbi la nyuzi," nikamwambia. "Litamwingia machoni."

"Jamani, asante wifi. Mimi wala sikuwaza."

Kuanzia siku hiyo kushoto hapakuwa na cha kuona ila kaki. Mtoto akawa ananitazama mimi, kutwa nzima, huku nakata. Nikisogeza mkasi macho yanafuata. Nikipiga chafya anashtuka, halafu anatabasamu. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama namna ile, hata yule mume niliyekaa naye miaka sita. Nilikuwa nikienda jikoni narudi mbio.

Sasa, kwetu kuna desturi ya nyumbani tu, mama aliianzisha mwenyewe. Mtoto wa ukoo akifika miezi mitatu anapimwa na kushonewa kofia yake ya kwanza, naye akiipita inatundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa karakana. Ya kaka ipo. Yangu ipo. Siku ya huyu ilipofika mama alinawa mikono, akavaa miwani, akamkalisha mjukuu mapajani huku mama yake amesimama pembeni anachekelea. Utepe ukasema arobaini kamili. Mama akachukua kofia ya majaribio ya arobaini akamvika. Kofia ikazunguka ikaegemea upande kama mlevi.

Mama akaivua. Akaweka kiganja kisogoni mwa mtoto, akakizungusha taratibu, akakirudisha pale pale.

"Hiki nini?"

Akampeleka mtoto kwenye mwanga. Nyuma, upande wa kulia, kisogo kilikuwa bapa. Nywele zimesuguka hapo, ngozi inang'aa, na sikio la kulia limesogea mbele kidogo kuliko mwenzake. Mimi nilimuona kila siku kutoka mbele. Sikuwa nimewahi kumtazama nyuma.

Mama ana waya laini anaoutumia kwa wateja wenye vichwa vigumu. Anauzungusha kichwani, unashika umbo, halafu anaulaza kwenye karatasi na kulichora. Akafanya hivyo kwa mtoto wa miezi mitatu. Alipoinua ile karatasi, tulichokiona ni mkate ambao mtu ameukata ubavu.

"Kichwa hiki hakina namba," akasema. "Sishonei kofia kitu kisicho na namba." Akaibandika karatasi ukutani, mahali ambapo mteja akiingia ndipo macho yanapotua, akaandika tarehe.

Wifi yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tuiweke ndani basi."

"Kwa nini? Unaona aibu? Kilichopinda si karatasi."

Kila Jumamosi mama alichora upya. Wateja waliuliza. Mwenye duka la vitambaa alidhani ni mtindo mpya wa kofia, na mama akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamweleza mbele ya mama mtu kwamba ni kichwa cha mjukuu wake, kimeharibiwa na watu wasiojua kulaza mtoto. Wifi yangu alikuwa anashona. Mguu wake ulisimama, halafu ukaendelea. Usiku, yeye mwenyewe aliniambia, alikuwa anamgeuza mtoto, leo hivi kesho vile, anaamka kila mara kumtazama. Asubuhi alikuja na macho mekundu. Mama alimpokea kwa swali lile lile: "Umelala vizuri, Hamsini na Tatu? Mwenzio kalala kisogo hicho hicho?"

Nami nilicheka. Nilicheka kwa sababu ni mama, na kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu kila neno lililompata yeye lilikuwa limenikosa mimi.

Jumamosi ya tatu kaka alikuwa nyumbani. Mama alingoja tumalize kula, akafuta mikono na kumtazama mwanawe.

"Nasema mara moja. Mchana mtoto yuko mbele ya macho yangu, na dada yako. Usiku yuko na huyu. Ikionekana ni kitanda cha huyu kinachomharibu mjukuu wangu, huyu atakwenda kwa mama yake mdogo, na mtoto atabaki hapa. Siku kichwa kikikaa sawa, atarudi. Kauli yangu ni kauli."

Kaka ni mtu anayeendesha lori la magurudumu kumi na nane, lakini mbele ya mama hana hata breki. Akachezea kijiko.

"Umesikia mama alivyosema," akamwambia mkewe.

"Nimesikia. Nitamuuliza nesi kliniki Jumatatu." Mikono yake ilikuwa chini ya meza. "Mimi namgeuza, baba watoto. Naapa namgeuza."

Jumatatu alirudi anakimbia, mtoto mgongoni, uso umefunguka kabisa. Na wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi. Ndivyo alivyokuwa, siri zote alinimwagia mimi, kwa kuwa mara moja, mtoto akiwa wa wiki moja, nilimchemshia maji ya kukanda titi la kulia lililokuwa na kidonda. Mpaka leo sijui kwa nini nilimchemshia yale maji.

"Wifi, si ugonjwa! Nesi amesema watoto wengi tu wanapata. Inatoka na kulalia upande mmoja wakati mfupa bado laini. Ameniambia tuangalie mchana analala wapi, mwanga uko upande gani, watu wako upande gani, kwa sababu mtoto anageukia mwanga na watu. Alhamisi ana zamu ya mtaa huu, atapita aone mwenyewe." Akashusha sauti. "Sasa nikawaza, labda ni lile sanduku. Labda tu, wifi. Usikasirike."

Nilijua pale pale. Sikuhitaji nesi. Niliona dirisha, kigoda, kaki, na yale macho yakinitazama miezi miwili, upande mmoja, upande wangu.

"Mbona nikasirike?" nikamwambia. "Acha aje aone."

Alhamisi niliamka wa kwanza. Jua lilikuwa ndio linaingia karakanani. Nikaondoa blanketi, nikashika sanduku kwa pande mbili, nikaligeuza mbele nyuma. Nikaurudisha mto mdogo wa sindano mahali pake kando ya sanduku ili meza isionekane imebadilika. Nikang'oa kaki na misumari yake, nikaziba matundu kwa sabuni. Mtoto alipoletwa nikamlaza kichwa kikiwa upande wa mlango. Sasa mimi na dirisha tulikuwa kushotoni kwake. Alihangaika kidogo, akatafuta, akageuza shingo pole pole akanipata. Akacheka. Kazi nzima haikumaliza dakika tano.

Nesi alikuja saa nne, mwanamke mrefu mwenye begi la turubai na viatu vya vumbi. Mama akanong'ona, "Hamsini na nane, kichwa cha heshima." Alipoona michoro ukutani alisimama akaitazama mmoja mmoja.

"Nani kachora hivi? Hata sisi hatuna kitu safi namna hii."

Mama akavimba kama andazi kwenye mafuta. Kuanzia hapo nesi angeweza kuomba nyumba akapewa.

Akamchukua mtoto, akaigeuza shingo yake huku na huku, akasema shingo haina tatizo. Akapapasa utosi, akasema uko sawa. Akauliza mchana anakaa wapi, nikamwonyesha. Akamlaza mwenyewe sandukuni, akarudi hatua mbili nyuma akatazama. Mtoto akageukia dirisha, kushoto.

"Hapa anaangalia kushoto," nesi akasema. "Na bapa liko kulia. Basi hapa sipo penye tatizo. Hapa ndipo panapomsaidia."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na nguo ya mtoto mkononi. Nikamwona anatazama sanduku, anatazama ukuta, anatazama sehemu ambapo kaki ilikuwa.

"Wifi," akasema, "si alikuwa analala kichwa huku? Na pazia… si palikuwa na pazia hapa?"

Nilimtazama kwa macho makavu.

"Pazia nimetoa jana, lilijaa vumbi. Sanduku liko hivi tangu siku ya kwanza. Hujalala wiki ngapi wewe? Unachanganya mambo, mwenzangu."

"Lakini mimi nakumbuka…"

"Tangu siku ya kwanza," akasema mama kutoka kwenye cherehani yake. Hakuinua macho. Mwanamke anayeona nusu ya sentimita kwenye kichwa cha mpita njia alisema vile bila kuinua macho.

Wifi yangu akalitazama tena sanduku. Kisha nikaona kitu ambacho sikukitarajia: alianza kuniamini. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu anayejipekua mifukoni akijua hela alitoka nazo.

Nesi akauliza kuhusu usiku. Akauliza kuhusu kunyonyesha, kama anabadili mikono. Hapo ndipo nilipomalizia kazi.

"Mwambie nesi ukweli," nikasema, kwa upole kabisa. "Si ulikuwa na kidonda titi la kulia? Ukawa unampa la kushoto tu, mmelala, yeye kageukia kulia. Uliniambia mwenyewe."

"Ilikuwa wiki tatu tu," akasema. "Za mwanzo."

"Mwanzo ndipo mfupa ulipo laini," mama akadakia.

Nesi, haki yake nimpe, alikataa. Alisema si kosa la mtu, na hakuja kutafuta mwenye kosa. Alisema mtoto aendelee kulala chali, bila mto, na mtu asithubutu kukibonyeza kichwa wala kukifunga kitambaa. Abadilishiwe upande wa mwanga. Akiwa macho alazwe kifudifudi mara nyingi, mtu akiwa karibu, na abebwe. "Mtoto bado mdogo, kutakuwa na nafuu. Akianza kukaa mwenyewe kichwa kinaachana na godoro, na kikishajaa hakirudi tena nyuma." Akaandika kwenye daftari lake, akanywa maji, akaenda zake. Kati ya yote aliyosema, mama alibeba yale aliyoyataka.

Kaka alirudi Jumapili, akasimuliwa. Jumatatu asubuhi wifi yangu alifungasha lile begi la kahawia.

Alikuja karakanani amevaa blauzi ya kijani, na maziwa yalikuwa yameshatoka yakalowesha kifuani pande zote mbili. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, analalamika kwa njaa.

"Mama, naomba nimnyonyeshe mara ya mwisho kabla sijaondoka."

Mama akakata uzi kwa meno. "Kwa titi lipi?"

Nimesikia maneno mengi ya mama katika maisha yangu, na mengi yalinilenga mimi. Lile lilikuwa baya kuliko yote. Wifi yangu aliweka mkono kifuani kama amepigwa, akasubiri mtu aseme kitu. Kaka alikuwa nje anaweka begi kwenye lori. Mimi nilikuwa natikisa chupa.

"Wiki mbili tu," mama akasema. "Siyo kifo. Utarudi kichwa kikikaa sawa."

Wiki mbili zikawa miezi mitano. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza mama alimwambia mtoto amelala. Mara ya pili alimwambia mtoto ana mafua na yeye atamwambukiza mengine. Mara ya tatu nilimwona kupitia dirisha langu akiwa ng'ambo ya barabara, amesimama tu, havuki. Nilimgeuza mtoto upande wangu. Baadaye tukasikia kapata kazi kwenye kibanda cha kubadilisha zipu karibu na kwa mama yake mdogo. Maziwa yakakauka, nadhani. Kaka akipita safarini anamwona, anarudi kimya, anakula, analala.

Na kichwa kikaanza kujaa. Sanduku lile lile nililoligeuza ili kujificha ndilo lililomponya. Mtoto alinitazama kushoto kutwa, akalazwa kifudifudi mezani juu ya kaki, akabebwa na mimi nikipiga pasi, nikipika, nikifagia. Michoro ya Jumamosi ikabadilika, ubavu wa ule mkate ukavimba kidogo kidogo. Siku moja, kwenye mwezi wa pili hivi, nilitaka kusafisha meza, nikaliinua sanduku.

"Liache lilivyo," mama akasema. "Limekaa vizuri namna ulivyoligeuza."

Tulitazamana. Kisha akaendelea kushona. Hatujalizungumza tena, na sidhani tutalizungumza.

Majirani walinisifu. "Una mkono, wewe," walisema. "Mtoto alitaka malezi tu." Niliitikia. Sitadanganya kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri, mtoto ubavuni, na asubuhi alipoanza kusema "ma, ma" sikumsahihisha.

Alipokuwa na miezi tisa, anakaa peke yake anagonga vichwa vya mti sakafuni, mama alizungusha waya mara ya mwisho. Akachora. Akakitazama kile kiduara muda mrefu, akasema, "Arobaini na nne." Akamshonea kofia ya buluu. Na kwa kuwa kauli yake ni kauli, akamwambia kaka amwite mkewe.

Niliosha sakafu mara mbili bila sababu.

Alifika mchana, amekonda, na begi lile lile la kahawia mkononi. Begi ndilo lililoniumiza. Alikuja kukaa. Alisalimia, akapiga magoti mbele ya mtoto, hakumshika. Mtoto akamtazama kama anavyowatazama wateja.

"Nimemletea kitu," akasema. Akatoa kofia kwenye mkoba.

Nimekata kofia nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona iliyoshonwa vile. Ilikuwa ya vipande sita, bitana laini, mshono hauonekani. Na kipande cha nyuma kulia kilikuwa kifupi kuliko wenzake kwa nusu kidole, kimepunguzwa juu na pembeni kwa hesabu, ili ikae wima kwenye kichwa kilichopinda. Alikikata kwa kumbukumbu ya kiganja chake. Kile kichwa alikikuza mwezi hadi mwezi akilini mwake, akakadiria kingefikia wapi. Katika nyumba nzima ya mafundi kofia yeye peke yake ndiye aliyekishonea kofia kichwa kile kama kilivyokuwa.

Akamvika. Ikabana kulia, ikapanda juu, ikaegemea.

Mama akacheka. "Umemshonea nani hiyo?"

Wifi yangu akaivua pole pole. Akaweka kiganja kisogoni mwa mtoto, akakizungusha, akakirudisha. Ni vile vile mama alivyofanya siku ile.

"Kimejaa," akasema.

"Arobaini na nne," mama akasema. "Wifi yako huyo kafanya kazi."

Akabaki amepiga magoti, kofia mapajani. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. Halafu akaniinulia uso, na akaniuliza mimi. Hakumuuliza mama, wala nesi. Bado alinimwagia mimi kila kitu.

"Wifi, nikimchukua nikalala naye… kinaweza kurudi?"

Sanduku lilikuwa pale, kiwiko changu kimeliegemea. Nilikumbuka nesi alivyosema, neno kwa neno. Ningesema hapana, angefungua begi lake, na jioni mtoto angelala kwake, na baada ya wiki angemtafuta yeye kwa macho, siyo mimi.

"Kinaweza," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

"Basi akae na shangazi yake," akamwambia mama. "Mimi nitakuwa nakuja kumwona, mkiniruhusu." Akainuka. Mtoto, alipoona kivuli kimesogea, aligeuza kichwa kushoto akanitafuta, akanyoosha mikono kwangu. Wifi yangu aliona. Akachukua begi lake, akasimama mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, iliyokuwa baridi, yenye alama za sindano.

"Asante, wifi. Mimi ningemharibu."

"Karibu," nikamwambia.

Akaondoka. Kofia aliisahau kwenye kigoda, au aliiacha. Mama aliijaribu kwenye kichwa cha arobaini na nne, akacheka tena, akanitupia. Nilikaa dirishani, mtoto miguuni pangu, nikachukua wembe nikaifumua, mshono mmoja mmoja, mpaka vikabaki vipande sita mezani, vitano sawa na kimoja kifupi. Kitambaa kilikuwa kizuri, sikutaka kipotee.